Apareyi ya Shangazi Feza

Sisi tuliokulia Kasongo wakati kupigwa foto kulikuwa jambo la kuogea na kuvalia viatu, tulijua kutulia. Nalisema hilo bila majivuno. Mtoto wa leo ukimwomba asimame kidogo pasipo kutikisika, utadhani umemwambia abebe gunia la mpunga kwa miguu mpaka Nyangwe. Sisi tulifundishwa kusimama na Shangazi Feza, dada mkubwa wa baba yangu. Ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona akitembea na apareyi ya foto shingoni, na kwa muda mrefu nilidhani kila mji una shangazi wa namna hiyo, kama vile kila mji una soko.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake kubwa. Waliotoka misa walikuja moja kwa moja na nguo zao za misa. Siku za Idi walikuja majirani zetu Waislamu, wanaume na kanzu zilizopigwa pasi ya makaa, wanawake na harufu ya udi, na uwanja mzima ukanukia. Sisi watoto asubuhi yote tulikuwa vumbini, wavulana wakisukuma rimu za kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, na wasichana tukicheza ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi, mguu wako ukutane na wa mwenzako. Mama alitukamata mmoja mmoja, akatusugua kwenye beseni mpaka magoti yakawaka, akatupaka mafuta tukang'aa kama maandazi. Ukilalamika, jibu lake lilikuwa moja: "Sura iko yako, lakini foto iko ya familia."

Shangazi alitundika shuka la buluu kwenye kamba, akaweka kiti mbele yake, na kazi ikaanza. Hakuwa mtu wa kelele. Alimgeuza mtu kidevu kwa kidole kimoja, akarudi nyuma, akainama, akanyamaza. Tulipocheka alitungoja. Tuliponyamaza alisema maneno aliyokuwa akiyasema kila mara: "Foto haiogopi sura mubaya. Inaogopa mutu wa kutikisika." Basi ukashika pumzi, jasho likakuteremka mgongoni, nzi akatua kwenye pua yako, na wewe hukumfukuza. Ukasikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti kikavu, na umati wote ukapumua pamoja nawe.

Apareyi yenyewe ilikuwa nyeusi, nzee kuliko mimi na labda kuliko baba. Ikifungwa ililala kama kitabu cha sala. Ikifunguliwa, kifua chake cha ngozi kilitoka nje kwa mikunjo, kama kinanda cha kuvuta, na mbele kabisa kilikaa kioo chake kidogo, kikitazama watu. Shangazi aliipata kwa marehemu mume wake, fundi wa kushona, ambaye aliipenda kwa msimu mmoja kisha akarudia cherehani yake. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kuharibu. Alituambia mwenyewe kwamba foto zake za mwanzo zote zilikuwa za kunguru mweusi ndani ya giza, na alicheka aliposimulia, meno yote nje. Mimi nilimpenda kwa kicheko hicho kuliko kwa foto.

Siku moja mfanyabiashara aliyetoka Kabambare alituletea salamu za Koko, bibi yetu, mama yake baba na Shangazi. Koko aliishi kule na mtoto wake wa mwisho, Baba mdogo Asumani, kwenye mashamba yao ya mpunga na muhogo. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu mvua zilizopita. Lakini hakuomba dawa. Alimwambia yule mfanyabiashara hivi, naye akayarudia kama alivyopewa: "Wambie Feza akuje na ile apareyi yake. Mume wangu alikufa na sura yake. Hakuna mujukuu mwenye kujua alikuwa namna gani. Mimi sitaki kwenda vile."

Tulishtuka kidogo, kwa sababu Koko huyo huyo alikuwa amekataa foto maisha yake yote. Kila Shangazi alipokwenda kumsalimia alimkuta na kazi: leo anatwanga, kesho anapalilia, keshokutwa ana nguo mbaya. Sasa ameita mwenyewe. Baba alimtazama dada yake, na dada yake akaanza kufunga safari. Shule zilikuwa zimefungwa, nikapewa ruhusa ya kumsindikiza.

Tulipanda lori la wafanyabiashara, juu ya mizigo, kati ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Safari za wakati ule zilikuwa safari. Barabara ilikuwa na mashimo ya kuzika tembo, na kila tulipokwama wanaume walishuka kusukuma huku wanawake wakifungua vyakula: muhogo wa kuchemsha, karanga, samaki mkavu wa Lualaba anayenukia mpaka mbali. Mgeni wa saa moja alikuwa ndugu yako kufika jioni. Vijana wa leo hufika Salamabila kwa pikipiki na nyimbo masikioni, na hawawezi kukuambia walipita na nani.

Shangazi alikuwa ameviringisha apareyi ndani ya kitenge na kuilaza katika kikapu, katikati ya miguu yake. Tulipofika kwenye daraja la magogo, gurudumu la nyuma liliteleza. Lori likainama upande, likasimama lenyewe, hakuna aliyeumia. Lakini gunia moja la chumvi lilianguka, na lilianguka juu ya kikapu.

Hakukifungua pale. Alikiweka kikapu mapajani, akakishika kwa mikono miwili mpaka Kabambare.

Koko alitupokea akiwa amekaa mlangoni kwenye kigoda. Alikuwa amekonda. Macho yake alikuwa amepasuliwa zamani, alipougua mtoto wa jicho, na waganga wa hospitali walimpa miwani yenye vioo vinene kama vitako vya chupa. Nyuma ya vioo hivyo macho yake yalikuwa makubwa ajabu, ya mtu anayeshangaa daima. Bila miwani hiyo hakuweza kumtofautisha mbuzi na mtoto. Alitushika nyuso, akatuita kwa Kibangubangu majina ya utani aliyotupa, kisha akauliza, "Imefika?"

"Imefika, Mama," Shangazi akasema. "Lakini iache ipumuzike."

Alikwenda nyuma ya nyumba kuifungua, nami nikamfuata. Mwili wa apareyi ulikuwa mzima. Mikunjo ya ngozi haikuchanika. Lakini kile kioo cha mbele kilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Shangazi alifungua pete yake kwa ncha ya kisu, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, na kioo kikamwangukia kiganjani vipande viwili. Nyuma yake mlikuwa na vioo vingine vidogo, navyo vilikuwa vimepondeka kingo. Alijaribu kuviunganisha kwa ulimbo wa mti. Akatazama, akavitoa. Akajaribu kuviegemeza bila ulimbo. Akatazama tena. Mwishowe alivifunga vipande ndani ya kitambaa.

"Hii haina dawa," akasema. Mabega yake yalishuka. Sikuwahi kuyaona yakishuka kabla ya siku hiyo, hata kwenye msiba wa mumewe.

Baba mdogo Asumani alipoambiwa alisema turudi Kasongo tukatafute kioo kingine, labda hata Kindu. Alisema vizuri, kwa upole, lakini wote tulisikia Koko akikohoa ndani, kikohozi kirefu kisicho na mwisho, na hakuna aliyeuliza kwenda Kindu na kurudi kungechukua muda gani. Tukakaa kula. Ilikuwa sombe ya Kabambare, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa na mawese mpaka yakalegea, na mpaka leo nikiyala mahali pengine naona yana upungufu. Siku hiyo Shangazi alimega tonge moja tu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa na Koko ndani, kwenye chumba cha mbele. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa udongo mweupe, na mlango ulikuwa wazi, jua likimwagika uwanjani. Koko alivua miwani akaanza kuifuta kwa upindo wa kitenge chake, akiishika karibu na ukuta. Hapo nikaona kitu. Juu ya udongo mweupe, pembeni ya mkono wake, kulikuwa na mlango mdogo. Mlango wetu. Ulikuwa umesimama kichwa chini, na ndani yake uwanja, na mti wa mpapai ukiota kuelekea ardhini, na mbuzi wa Baba mdogo akitembea miguu juu kama hana habari.

Nilidhani ni uchawi, na sikuthubutu kupiga kelele. Nilitoka polepole nikamwita Shangazi. "Kuja uone, mbuzi iko natembea na mugongo."

Shangazi aliingia, akasimama. Koko aliendelea kufuta, haoni kitu. Shangazi alitazama ukuta, akatazama miwani, akatazama ukuta. Kisha akatoka nje. Nikamkuta ameegemea mpapai.

"Ni kioo, Mwamini," akaniambia. "Kile kioo cha lunete yake kinafanya kazi ile ile. Lakini siwezi kumuomba mutu macho yake."

Hakuomba. Koko ndiye aliyeuliza wakati wa chakula, kwa sababu mama anamjua mwanawe hata kwa namna anavyoweka sahani chini. "Feza, uko unaficha nini?"

Shangazi akamweleza yote: gunia la chumvi, kioo kilichopasuka, na kile tulichokiona ukutani. Koko alisikiliza. Akavua miwani, akainyoosha mbele hewani, kwa sababu hakuona mkono wa kuipokea ulikuwa wapi.

"Toa kimoja."

"Mama, kama kinavunjika, hutaona tena vizuri."

"Nimekwisha kuona mingi," Koko akasema. "Leo acha nionekane."

Kazi iliyofuata naikumbuka kuliko harusi yangu. Shangazi alilegeza misumari midogo ya fremu kwa ncha ya sindano na kukitoa kioo cha kulia, mikono yake imetulia kama wakati wa misa. Alikata boksi la sabuni akalikunja likawa bomba fupi, akalipaka masizi ya chungu ndani yote ili nuru isitapakae, akakipachika kioo mdomoni mwake kwa nta ya mshumaa. Bomba akalifunga mbele ya apareyi kwa uzi wa kushonea. Tena akafungua mgongo wa apareyi, ambamo filamu ilikuwa haijawekwa bado, akabandika karatasi ya daftari iliyopakwa mafuta ya karanga ikawa kama ukungu mwembamba. Aliiweka apareyi juu ya meza uwanjani, akajifunika kichwa kwa kitenge, akachungulia. Akaniita nami nikaingia chini ya kitenge.

Kulikuwa na joto na harufu ya karanga, na mbele yetu uwanja mzima ulikuwa umening'inia juu chini, na rangi zake. Lakini ulikuwa umeyeyuka, kama unapofumbua macho ndani ya maji.

"Haioni," nikasema.

"Itaona. Mutoto mudogo naye anaanza na ukungu."

Alipunguza tundu la kupitishia nuru mpaka likabaki kama la sindano nene. Picha ikawa giza zaidi, lakini ikaanza kukaza. Sasa ikabaki umbali. Kioo kilikuwa kimefungwa, hakikuweza kusogea mbele wala nyuma. Basi Shangazi akaamua kumsogeza Koko. Baba mdogo alimbeba na kigoda chake kama mama malkia, akamweka karibu na ukuta, akamrudisha hatua, akamsogeza tena, huku Shangazi akitoa amri kutoka chini ya kitenge na majirani wakikusanyika na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ghafla Shangazi akanyamaza. Nikajua amempata.

"Hapo. Mutu asimuguse."

Alichora duara mchangani kuzunguka kigoda, Koko akaingizwa ndani apumzike kidogo, na Shangazi akakifunika kioo kwa kitambaa, akatoa karatasi, akaweka filamu. Koko alipotoka tena alikuwa amevaa kitenge chake cha njano na kilemba, na miwani ya jicho moja ameiacha ndani. Alitaka kuonekana kwa macho yake, alisema, siyo kwa vitako vya chupa.

Taabu ilikuwa moja. Tundu likiwa dogo vile, apareyi ilihitaji muda wa kukusanya nuru. Koko alipaswa kutulia kabisa, kifua na vyote. Mara ya kwanza kikohozi kilimpata kabla Shangazi hajakifunua kioo. Mara ya pili vivyo hivyo, na Shangazi alikunja uso kwa sababu filamu ilikuwa hiyo hiyo moja. Akaiacha apareyi juu ya meza, akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. Hakumwambia atulie. Alianza kumsimulia siku aliyozaliwa yeye Feza, jinsi mvua ilivyonyesha, jinsi baba yake alivyokimbia kumwita mkunga akaanguka kwenye tope akarudi bila kiatu. Koko akamsahihisha kitu fulani. Akatabasamu. Kikohozi kikasahau njia. Shangazi, akiendelea kusimulia, alirudi nyuma kinyumenyume mpaka kwenye meza, na sauti yake haikubadilika hata kidogo alipokifunua kioo. Uwanja mzima ulishika pumzi. Hata mbuzi alisimama, au mimi nakumbuka hivyo.

Akakifunika. "Imeisha, Mama."

Siku ile ile alikirudisha kioo kwenye fremu, kikiwa kizima.

Filamu tuliisafisha Kasongo, kwenye chumba chake chenye taa iliyofungwa kitambaa chekundu. Nilikuwepo karatasi ilipoanza kutoa sura ndani ya maji ya dawa. Kwanza kilemba kilikuja, kisha mashavu, mwisho macho, yakicheka kidogo. Uso ulikuwa wazi, kila kunyanzi mahali pake. Lakini pembeni kila kitu kilikuwa kimeyeyuka, nyumba, mpapai na majirani, vyote vikizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu. "Mimi sijawahi kupiga foto kama hii," akasema.

Aliirudisha Kabambare yeye mwenyewe, na nilikwenda naye tena. Koko alivaa miwani yake, akaileta foto karibu mpaka ikagusa pua. Akaiondoa, akaileta tena. Tulidhani hajipendi. Hatimaye akamwita mwanawe karibu.

"Feza," akasema, "mimi niko nafanana na mama yangu."

Mama yake alikuwa amefariki Koko akiwa mtoto mdogo, na sura yake ilikuwa imempotea zamani sana. Alikuwa ametuitia foto ili sisi tumjue yeye, kumbe naye akampata mtu ndani yake. Aliilaza kifuani, akaomba aachwe peke yake na mama yake kidogo. Tukatoka nje sote. Alitutoka masika yaliyofuata, kwa amani, na siku ya msiba Baba mdogo aliisimamisha foto ile juu ya meza, watu wakaisalimia kama wanavyomsalimia mtu.

Habari za foto hiyo zilifika Kasongo kabla yetu. Mabibi arusi wakaanza kuja wakimwambia Shangazi, "Tunataka ile ya kuyeyuka." Kioo kipya cha apareyi hakikupatikana, hivyo alitafuta miwani nzee kwa watu waliopasuliwa macho, akaichagua kioo kwa kioo kwenye ukuta mweupe, na akaendelea kupiga kwa namna hiyo mpaka uzee ukamkataza. Nyumba nyingi za Kasongo bado zina foto za watu waliotulia katikati ya dunia inayoyeyuka. Kila nikiziona nasema moyoni, yule mwanamke angeweza kulia pale nyuma ya nyumba na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alichukua kisu.

Siku hizi binti yangu ana foto kwenye simu yake nyingi kuliko mpunga wa ghala. Anapiga sombe kabla ya kuila. Anajipiga mwenyewe akiwa amekunja mdomo kama samaki, anaifuta, anajipiga tena, na pikipiki iko inamngoja barabarani. Juzi simu ilimponyoka mtumbwini alipokuwa akivuka Nyangwe, ikazama Lualaba, na sura za mtoto wake tangu kuzaliwa zikazama nayo. Alirudi nyumbani akilia. Nilikuwa na utani mdomoni, nikaumeza. Nilimkalisha, nikamuuliza mtoto alivaa nini siku alipotembea mara ya kwanza, na nani alikuwepo, na jua lilikuwa wapi. Alifikiri sana. Hakukumbuka. Alikuwa anashika simu.

Sisi tulikuwa na foto moja tu ya Koko. Tulipokimbia vurugu ilikaa ndani ya sufuria pamoja na chumvi, ikapata madoa, na leo pembe zake zimeliwa. Lakini muulize yeyote kati yetu tuliosimama uwanjani siku ile, yuko Kasongo au Salamabila au mbali zaidi, atakuambia kitenge kilikuwa cha rangi gani, nani alicheka, na kimya kile kilivyokuwa.